Ruhusa ya Kunyamaza

Wenzangu wa kitengo, mmeniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya kazi, ili vijana wanaoingia wajue tulikotoka. Mmeomba wenyewe, basi msije mkalalamika. Vyeo nitaviruka, kwa sababu vilinijia kwa kuchelewa na vikaondoka siku niliyorudisha funguo. Mshahara nao nitauruka, kwa heshima ya marehemu. Nitasema habari za watu niliowapima, vyombo nilivyopimia, na mambo ambayo mwongozo wa kitaifa hauyasemi, kwa sababu waliouandika hawakuwahi kumpima bibi wa Kishambaa.

Kwa asiyenijua, mimi ndiye Mama Sanga. Jina ni la Makete, lakini nimezaliwa kwenye kambi ya wachuma chai huko juu Bungu, ambako wazazi wangu walifika kutafuta maisha wakakuta baridi ileile waliyoikimbia. Kambini kulikuwa na kila kabila na kila dini, na sisi watoto tulielewana kwa Kiswahili. Kishambaa nimejifunza ukubwani. Mpaka leo nikimwamkia mzee wa hapa "onga maundo" asubuhi, ananiitikia kwa sauti ya kumpa pole mgonjwa.

Kazi yangu ilikuwa kupima miili ya watu: moyo, pumzi na miguu, kabla hawajaanza mazoezi na baada ya kuyaanza. Baadaye nikapewa kuwaandaa wapimaji wenyewe kwa mitihani ya ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi hii. Kazi ya kwanza ilinipatia marafiki.

Siku nilipoanza, kitengo chote kilikuwa chumba kimoja hapa Lushoto, nyuma ya ghala la viti. Ndani mlikuwa na mizani, stopwochi, filimbi, mashine ya presha, sanduku la mbao la kupanda na kushuka, na Mzee Singano. Mzee Singano alikuwa mwalimu wa michezo mstaafu, mfupi, mwenye kuvaa tai ndani ya koti la trakisuti. Alisema tai ni kwa ajili ya moyo wa mgonjwa na trakisuti ni kwa ajili ya miguu yake. Sikuelewa, nikaitikia tu, maana nilikuwa mgeni.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa kijana mchezaji wa mpira. Nikamkalisha, nikashika mkono wake kuhesabu mapigo, nikashtuka. Moyo ulikuwa unakwenda mbio kana kwamba umeitwa. Nikahesabu tena, vilevile. Nikachukua kalamu nikaanza kumwandikia aende hospitali upesi, na yeye akaanza kutoa jasho kwa kuniona mimi natoa jasho.

Mzee Singano akaja taratibu, akamtazama kijana viatu, akaniuliza, "Umemuuliza amekujaje?"

"Amekujaje vipi, Mzee?"

"Amekuja na nini. Basi, pikipiki, malaika?"

Kijana akajibu mwenyewe. Alikuwa amekata njia za mkato kutoka Soni kwa miguu, kwa sababu alichelewa, na njiani alibeba mzigo wa peasi za shangazi yake. Mzigo wenyewe ulikuwa nje ya mlango. Mzee akamwambia akae, asiseme, asile peasi. Tulipompima baadaye, moyo wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Vitabu vyote vya fani yetu vinasema mtu apumzike kabla ya kipimo. Ni kweli. Ila vitabu havisemi kwamba mtu wa milima hii akikwambia amepumzika, ana maana kwamba ametua mzigo. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye karatasi yetu, lile la "Umekujaje?", ambalo wakaguzi wengi wamenicheka kwalo, ni la Mzee Singano. Msilifute.

Shida yetu kubwa ya miaka ile haikuwa vyombo, ilikuwa ardhi. Kipimo cha kutembea kwa dakika sita kinataka njia iliyonyooka na iliyo tambarare. Nendeni mkaitafute Lushoto. Huku kwetu sehemu tambarare ikionekana tu, mtu keshapanda kabichi. Tulipima kwenye uwanja wa shule, tukagundua upande mmoja uko chini, kwa hiyo wagonjwa walikuwa wanapona wakienda na wanaugua wakirudi. Mwishowe usharika mmoja pale Soni ukatukubalia tutumie ua wa kanisa, pale mbele ya ukumbi, penye sakafu ya saruji. Tukaweka madumu mawili ya mafuta ya kula yaliyojaa mchanga, moja kila mwisho, na mtu anazunguka toka dumu hili mpaka lile. Kwaya ikiwa na mazoezi ilibidi tuwaombe wanyamaze, maana watu walikuwa wanatembea kwa kufuata ngoma.

Hapo ndipo yalipotokea ya fundi Shemndolwa, na mniwie radhi nitayasimulia taratibu kwa sababu yanahusika na yanayokuja mbele. Fundi Shemndolwa ni mwashi. Anapanda ngazi na ndoo ya zege kama anayekwenda dukani. Alikuja kupimwa siku ambayo foleni ilikuwa ndefu, na Mzee Singano akaona tuwatembeze watu wawili wawili ili tumalize kabla ya mvua. Fundi akatembea na bibi mmoja mnene mwenye kisukari, aliyekuwa anakwenda kwa kuhesabu vidole vyake vya miguu.

Matokeo yakatoka sawasawa. Fundi na bibi, umbali uleule. Mimi nikasema huyu fundi ana jambo kwenye mapafu, labda ni vumbi la saruji. Tukampima pumzi, nzima. Tukampima presha, nzima. Tukaita daktari, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akatutazama sisi badala yake. Yule fundi alikuwa anavua shati na kuvaa bila kusema neno. Ni Mzee Singano aliyemuuliza mwishowe kwa Kishambaa kwa nini alitembea polepole vile.

"Sasa mlitaka nimpite mkwe wangu?" akasema. "Mbele za watu?"

Yule bibi alikuwa mama mzazi wa mke wake. Angempita, tena amzunguke kwenye dumu na kukutana naye uso kwa uso, basi jioni ile asingekuwa na pa kula. Mzee Singano alicheka mpaka tai ikamtoka ndani ya koti. Toka siku ile tukaandika: mtu mmoja kwa wakati mmoja. Miaka mingi baadaye ukaja mwongozo wa kitaifa wenye kanuni hiyohiyo, na sababu zake zilikuwa za kisomi sana. Sababu yetu ilikuwa mama mkwe.

Sasa niseme neno juu ya ithibati yenyewe, kwa sababu najua baadhi yenu mnaiona ni usumbufu wa watu wa mjini. Nami nilidhani hivyo mpaka alipotokea pale Mombo bwana mmoja aliyejiita Daktari wa Mazoezi. Alikuwa na spika, na fulana iliyoandikwa jina lake mgongoni. Cheti alikuwa nacho pia, alichokipiga lamineti kwenye duka la fotokopi, na ukimuuliza kimetoka chuo gani alikuwa anaongeza sauti ya muziki. Kila Jumamosi alikusanya watu kando ya barabara kuu, wazima kwa wagonjwa, akawarusha kichura kwenye lile joto la Mombo. Mama mmoja muuza vitunguu, mwenye presha iliyojulikana na kila mtu isipokuwa Daktari, akaanguka. Alipona, Mungu mkubwa, lakini mkono mmoja haukurudi ulivyokuwa. Nilimtembelea. Alikuwa anajaribu kufunga kanga kwa mkono mmoja, na nikakasirika hasira ambayo hadi leo sijaimaliza.

Kwa hiyo ilipotoka kanuni kwamba hakuna mtu kuongoza mazoezi ya wagonjwa bila ithibati, mimi nilipiga makofi. Sikujua kwamba wa kwanza kubanwa na kanuni ile hatakuwa yule bwana wa spika. Yeye alihama tu na spika yake. Aliyebanwa alikuwa Neema wetu.

Neema alitujia na stashahada yake ya sayansi ya michezo, binti wa Mazinde, mwembamba, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba filimbi ilikuwa inamshtua yeye mwenyewe. Mzee Singano alikuwa amekwisha kustaafu, kwa hiyo nikamlea mimi, na kama mnavyonijua sikumlea kwa asali. Lakini alikuwa mzuri. Alianzisha pale Soni kikundi cha wazee wenye presha na sukari, watu ambao awali mazoezi kwao yalikuwa jambo la wanajeshi. Aliwapima, akawaandikia kila mmoja mwendo wake, akawafuata nyumbani wasipokuja. Bibi Rebeka, ambaye mtamsikia sana hapa chini, alikuja mara ya kwanza ameshikwa mikono na wajukuu wawili. Mwaka haujaisha akawa anakuja peke yake, na anawasema wajukuu kwa uvivu.

Kanuni mpya ikasema: Neema afanye mtihani wa ithibati, vinginevyo kikundi kifungwe. Nafasi ni tatu, na ukikosa zote tatu, unasubiri miaka kadhaa kabla ya kuomba tena. Wazee wale wasingekuwa na miaka kadhaa ya kusubiri. Yeye alilijua hilo, mimi nililijua, na wao walilijua zaidi.

Mtihani wenyewe wa vitendo ni kile kipimo cha kutembea. Mpimaji anamwelekeza mgonjwa, mgonjwa anatembea kadiri awezavyo, na mpimaji hasemi kitu isipokuwa maneno machache yaliyoandikwa, kila dakika inapotimia: unaendelea vizuri, zimebaki dakika kadhaa. Basi. Hakuna kumtia moyo, hakuna kumsindikiza, hakuna maongezi. Na msidhani ni ukatili. Mtu ukimshangilia anakwenda mbali zaidi, ukimnunia anakwenda karibu, na hapo utakuwa umepima mdomo wako badala ya moyo wake.

Nafasi ya kwanza Neema aliipoteza kwa neno moja. Mzee aliyekuwa anatembea alimpita akihema kidogo, na Neema akamwambia, "Pole, babu." Alipozunguka tena, "Pole, babu." Mkaguzi wa siku ile, mama mmoja mpole, akaandika kwamba mpimaji alizungumza na mpimwa. Nikamuuliza Neema kwa nini alisema. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini alipumua.

"Mama, mtu mzima anapita anahema, nimtazame tu?"

"Umtazame tu."

"Nitaonekana sina wazazi."

Nafasi ya pili alijifunga mdomo kabisa. Nilimfundisha mwenyewe, na mbinu zangu sitazieleza zote, mojawapo ilikuwa kung'ata kifuniko cha kalamu. Akaja bibi mmoja mtaratibu, akaanza kutembea vizuri. Akampita Neema, akasema, "Hongea, mwanangu," yaani asante. Neema kimya. Akazunguka, "Hongea." Kimya, kalamu mdomoni. Bibi akapunguza mwendo. Mara ya tatu akasimama mbele yake, akamshika mkono, akamuuliza kwa unyonge, "Mwanangu, nimekukosea nini?" Machozi yakamjaa Neema, bibi naye yakamjaa, na kipimo kikaishia hapo wamekumbatiana. Hakuna mahali kwenye fomu pa kuandika hilo.

Ikabaki nafasi moja. Nawaambia ukweli, wiki ile sikulala vizuri. Nilikuwa nimetetea kanuni kwa mdomo mpana, na sasa kanuni ilikuwa inakwenda kumla mtu bora niliyewahi kufanya naye kazi. Nilijaribu kumshauri achague wapimwa vijana. Akakataa, akasema kikundi chake si cha vijana. Nikamshauri atafute mzee asiyesikia vizuri. Akanitazama, nikaona aibu, tukanywa chai.

Ni yeye aliyepata njia, na aliipata kwa kukumbuka kisa cha fundi Shemndolwa, ambacho nilikuwa nimemsimulia mara nyingi kuliko alivyopenda.

"Mama," akasema, "yule fundi hakumsemesha mkwe wake hata neno moja, si ndiyo? Na mkwe hakukasirika."

"Angalikasirika kama angalisemeshwa hovyo."

"Kwa sababu wote wawili walijua ni heshima. Basi mzee akijua kabla kwamba nanyamaza kwa heshima, hatanuna. Nitamwomba ruhusa."

Tukajaribu pale pale. Kabla ya saa kuanza, wakati mzee bado yuko kwenye kiti, Neema anapiga goti, anaamkia, anauliza habari za nyumbani, za shamba, za wajukuu, za mbuzi, mpaka zinaisha kweli. Halafu anasema: "Bibi, naomba ruhusa ninyamaze mpaka utakapokaa tena. Nitakuwa nakutazama." Tukawajaribu wazee wa kikundi mmoja mmoja. Kila mmoja alifikiri kidogo, akatoa ruhusa kama anayetoa baraka, na akatembea kimya bila kinyongo. Mwongozo haukatazi salamu kabla ya saa kuanza. Niliusoma mara nyingi, kwa nia mbaya, nikitafuta kama unakataza.

Siku ya nafasi ya mwisho akaja mkaguzi kutoka Dar, Dokta Fadhili, kijana nadhifu, miwani, viatu ambavyo vilikuwa havijawahi kukutana na udongo mwekundu. Aliniamkia vizuri nilipompokea, akasaini, akatueleza kwamba toka kipimo kinapoandaliwa hadi kinapoisha yeye hatasema neno na mtu yeyote, ili asiingilie. Akakaa kwenye benchi kando ya dumu la mwisho, akafungua karatasi zake, akainama.

Mpimwa alikuwa Bibi Rebeka. Alivaa gauni la ibada na viatu vya raba vya mjukuu. Neema akapiga goti, akafanya yote, habari za mbuzi zikaisha, akaomba ruhusa. Bibi akasema, "Nimekupa, mwanangu. Nyamaza." Saa ikaanza.

Jamani, alitembea. Mabega juu, mikono inakwenda, anageuka kwenye dumu kama askari. Neema kimya, anasema maneno yake yaliyoandikwa na kurudi kimya. Mimi niko mlangoni pa ukumbi, nimeshikilia nguzo, nikiona tumeshavuka.

Kosa letu nililiona bibi alipolifikia dumu la mwisho mara ya pili, akamtazama Dokta Fadhili, na Dokta akainama zaidi. Tulikuwa tumeomba ruhusa kwa ajili ya Neema peke yake. Hakuna aliyekumbuka kumwombea mkaguzi.

Mara ya tatu Bibi Rebeka akasimama. Akaweka mikono kiunoni.

"Wewe baba," akasema, "wa wapi wewe?"

Dokta akatazama karatasi. Shingo ilikuwa imeanza kutoa jasho.

"Nimekupita mara ngapi? Kwenu hakuna watu wazima?"

Yule kijana, na hapa namsifu, alilelewa. Nilimwona anavyopigana na nafsi yake. Halafu akainuka, karatasi zikamwagika chini, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," bibi akasema. "Haya. Sasa tunaendelea." Na akaendelea, tena kwa furaha, kwa mwendo mkali kuliko wa mwanzo.

Kila mtu akatabasamu. Dokta akaokota karatasi zake, akakaa, akajifuta. Saa ilikuwa bado inakwenda, na umbali ulikuwa mzuri mno. Nami nilimwomba Mungu, naliandika hili bila kuona haya, kwamba Neema aache tu mambo yapite. Ingekuwa rahisi. Mkaguzi mwenyewe ndiye aliyesema, angemlaumu nani? Nani angekwenda kumwambia mtu anayeshika maisha yako mkononi kwamba ameharibu kazi?

Neema akainua mkono.

"Bibi, naomba usimame." Sauti yake ilikuwa ileile ya chini, lakini ua mzima uliisikia. Akabonyeza saa. Akamgeukia Dokta Fadhili. "Dokta, mpimwa amesimama na amesemeshwa. Kipimo hiki nimekifuta. Atapumzika, kisha tutaanza upya. Nakuomba uhamie kwenye benchi lile la nyuma, nje ya njia yake."

Dokta akamtazama, akachukua karatasi zake, akahama.

Aliyekataa alikuwa Bibi Rebeka. "Nianze upya? Nimefanya kosa gani mimi? Si mtoto amekwisha kuamkia?" Neema akamwelezea kwamba hana kosa, ila miguu yake inastahili kuhesabiwa sawasawa. Bibi akasema basi apewe chai na andazi. Neema akasema maji tu, chakula baada ya kipimo. Bibi akanigeukia mimi. "Huyu umemfundisha wewe?" Nikasema ndiyo. "Ni mkali," akasema, na akanywa maji.

Muda wa mapumziko ulipotimia Neema akapiga goti tena. Safari hii akaomba ruhusa kwa majina: yake, ya Dokta, yangu, ya mlinzi wa kanisa, na ya wanakwaya wawili waliokuwa wamekuja kuchungulia. Bibi akatuangalia mmoja baada ya mwingine, akatupa ruhusa sote. Ua ukanyamaza kiasi kwamba nilisikia raba zinavyolia kwenye saruji. Akatembea mpaka mwisho, akakaa, na hapo ndipo alipomwita Dokta Fadhili, akamuuliza jina la baba yake, la babu yake, na kama anakula vizuri. Waliongea mpaka andazi likafika.

Kabla ya kuondoka Dokta akamuuliza Neema kwa nini alikifuta kile cha kwanza, ilhali alijua ni nafasi ya mwisho.

"Ningeandika nini, Dokta? Kwamba alitembea bila kusimama?"

Dokta akakunja karatasi zake. "Umefaulu," akasema. "Ungekiacha kile cha kwanza, ningekufelisha. Na nisingelala, kwa sababu aliyekiharibu ni mimi." Kisha akampa mkono, na Neema akalia pale pale, na mimi pia, na bibi akatuuliza sasa nani amekufa.

Ombi la kunyamaza limo kwenye mwongozo wetu wa kitengo toka wakati ule, mstari wa juu kabisa, pamoja na "Umekujaje?" Nalo msilifute.

Nimalizie na la juzi. Baada ya kustaafu nilipimwa presha, ikakutwa imepanda. Daktari akaniambia nianze mazoezi chini ya mtu mwenye ithibati. Nikamwambia namjua mmoja. Nikashuka Soni, nikavaa raba, nikakaa kwenye kile kiti mbele ya dumu la mchanga. Wazee wa kikundi walikuwa wamekaa kwenye benchi la nyuma, Bibi Rebeka katikati yao, amekuja mapema makusudi.

Neema akapiga goti. Akaniamkia, akaniuliza nimekujaje, akaniuliza habari za watoto na za bustani. Kisha akasema, "Mama, naomba ruhusa ninyamaze mpaka utakapokaa tena." Nikampa. Mimi ndiye niliyeuandika mstari ule kwenye mwongozo, ningemnyimaje?

Nikatembea. Sikujua ni kazi ngumu namna ile. Magoti yananisema, pumzi inakatika, na kila nikimpita yule binti ananitazama kwa makini, hasemi kitu. Mara ya kwanza nikavumilia. Mara ya pili nikavumilia. Mara ya tatu nikashindwa, nikapunguza mwendo mbele yake nikamuuliza, "Neema, mwanangu, naendaje?"

Akainua mkono, akabonyeza saa.

"Mama, naomba usimame. Kipimo nimekifuta. Utapumzika, kisha tutaanza upya."

"Mimi?" nikasema. "Mimi niliyekufundisha?"

"Ndiyo, Mama. Kaa."

Kwenye benchi la nyuma Bibi Rebeka alikuwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Nikakaa. Nikaomba chai, nikaletewa maji. Nilikuwa na hasira ya kweli, na chini yake furaha ambayo hakuna cheo kilichowahi kunipa. Muda ulipotimia akaja akapiga goti, akaniomba ruhusa upya, kwa upole uleule. Nikampa. Kisha nikafunga mdomo, mara ya kwanza tangu niajiriwe, nikatembea.